Kadi Kwanza, Lenzi Pili, Kamera Mwisho



Mama mmoja wa Kisauni ametuletea barua, nasi tangu kuipokea tumeisoma mara tatu. Binti yake amemaliza shule. Alijifunza kupiga picha kwa simu, akawa hodari, na sasa akina mama wa mtaani wamwita katika shughuli zao: kutia hina, kupamba, akika, maulidi ya wanawake. Wamwita yeye kwa kuwa ni mwanamke mwenzao. Bibi harusi aliyefunua nywele zake na kuvaa alivyovaa hawezi kusimama mbele ya kijana wa kiume mwenye kamera, wala hawawezi mashangazi na somo wake waliomzunguka. Mama huyu yumo katika chama cha akina mama, amechanga mwaka mzima, na zamu yake ya kupokea imefika. Ataka kumnunulia binti kamera ili kazi iwe kazi. Lakini kila duka aingialo aambiwa jambo lake: hii ina megapikseli 24, ile ina 32, hii haina kioo ndani, ile ni ya mwaka jana. Atuuliza: "Sheikh, tununue ipi?"

Huenda msomaji akastaajabu. Mwalimu wa chuoni na kamera, wapi na wapi? Twajibu kwamba elimu ya kamera haikuanza ugenini kama wengi wadhanivyo. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040, ndiye aliyeeleza kwa majaribio jinsi mwanga unavyopita katika tundu dogo na kuchora sura ya kilichoko nje ndani ya chumba cha giza. Kitabu chake cha Manadhir kilifasiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya kwa karne nyingi. (Wapo waungwana wapendao kusema kuwa hata neno kamera ni Kiarabu. Tusijitwalie kisicho chetu: ni neno la Kilatini, na maana yake ni chumba.) Ama khilafu ya wanavyuoni juu ya hukumu ya picha, si maudhui yetu leo. Tunayemwandikia ni yule aliyekwisha kushika njia yake na ataka kuifanya kazi hii kwa sitara na kwa ufundi.

Na iko sababu ya pili, nayo ilitufika nyumbani kwetu.

Miaka michache iliyopita tulimwoza binti wa dada yetu. Usiku wa kupamba aliitwa msichana mpiga picha, mwenye adabu na bidii, aliyekuwa na kamera mpya yenye kusifiwa sana. Fedha zake zote zilikuwa zimekwisha kwenye kamera hiyo. Kadi ya kuhifadhi picha aliinunua njiani, kwenye sinia la muuzaji wa barabarani, imeandikwa gigabaiti 128 kwa bei ya kutupa. Usiku ule alipiga picha zaidi ya elfu moja. Kamera haikulalamika hata mara moja. Kila picha ilionekana kwenye kioo cha nyuma, wakubwa wakaitazama, wakafurahi.

Siku ya tatu kadi ilipotiwa kwenye kompyuta, picha za mwanzo zilifunguka vizuri: hina, watoto, sinia za halua. Zikafuata picha zilizokatika nusu, juu uso wa mtu, chini kijivu kitupu. Kisha yakafuata majina tu, mamia ya majina ya picha zisizofunguka. Mama yetu mzazi, aliyekuwa hatoki tena kwa maradhi ya miguu, alibebwa kwa kiti usiku ule akaketi kando ya mjukuu wake. Picha hizo zilikuwa katika zile za mwisho. Hazikupatikana mpaka leo, na mama yetu hakuiona Ramadhani ya mwaka ule, Mwenyezi Mungu amrehemu. Msichana alirudisha fedha zetu zote huku akilia. Tulimwachia nusu, kwani kazi aliifanya.

Baada ya hapo ndipo tulipotaka kujua: kadi yawezaje kusema uongo?

Kadi ya kumbukumbu ina vitu viwili ndani yake. Kuna ghala lenyewe, na kuna karani mdogo wa umeme anayeiambia kamera kuna nafasi kiasi gani na kitu gani kimewekwa wapi. Waghushi huchukua ghala dogo, tuseme la gigabaiti 8 au 16, kisha humfundisha karani kusema 128. Kamera humwamini. Ghala la kweli likijaa, picha mpya ama huandikwa juu ya zile za zamani ama hutupwa pasipo mahali, ilhali majina yaendelea kuorodheshwa. Ndiyo maana usiku ule hakuna aliyeshuku lolote. Na jina kubwa la kampuni lililochapishwa juu ya kadi si dhamana, kwa maana waghushi huchapisha jina lilelile, rangi zilezile, na karatasi ya kufungia ileile.

Dawa yake ni rahisi, na ni ya bure. Kuna programu iitwayo H2testw kwa kompyuta za Windows, na nyingine iitwayo F3 kwa Mac na Linux. Kazi yake ni kuijaza kadi pomoni kwa maandishi, kisha kuyasoma tena yote na kulinganisha. Kadi ya kweli hurudisha kila ilichopewa. Kadi ya uongo huumbuka. Jaribio hili laweza kuchukua saa nzima au zaidi kwa kadi kubwa. Uiache ifanye huku wewe unapika. Kadi isiyopita mtihani huu isirudi katika kamera hata kwa picha za majaribio, na kadi yoyote mpya, hata iliyotoka duka la kuaminika, isiingie ukumbini kabla ya kupita.

Sasa yale maandishi madogo juu ya kadi, maana ni mengi na huwachanganya watu. Herufi SDHC ni kadi za mpaka gigabaiti 32. SDXC ni za zaidi ya hapo, na baadhi ya kamera kongwe hazizikubali. Nambari kubwa inayong'aa, mathalan 170 au 200, ni kasi ya juu kabisa ya kusoma, yaani ya kutoa picha kwenda kwenye kompyuta, tena kwa kifaa kinachoiweza kasi hiyo. Haikuhusu sana. Tazama alama ndogo ya V au U: V30 na U3 maana yake kadi haishuki chini ya megabaiti 30 kwa sekunde wakati wa kuandika, na hiyo yatosha kwa picha za harusi na kwa video ya kawaida. V60 na V90 ni za wapigao filamu nzito. Msimlipie binti kasi asiyoihitaji.

Kwa ukubwa, twapendelea kadi mbili za gigabaiti 64 kuliko moja ya 256. Kamera ya megapikseli 24 ikihifadhi picha mbichi, yaani zile ambazo kamera haijazipika wala kuzibana, kila moja huchukua kama megabaiti 25 hadi 30; kadi ya 64 basi hubeba kama elfu mbili. Huo ni usiku mzima. Kadi ya hina iwe yake, na kadi ya kupamba iwe yake. Ikiharibika moja, shughuli yote haikupotea. Na zile kadi ndogo za simu zinazotiwa ndani ya kifuko cha kadi kubwa ziachwe kwenye simu. Pale zinapogusana ni pahali pengine pa kukosa.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya kupotea kwa picha. Liko balaa lililo zito zaidi, nalo ni picha kutopotea pale ilipotakiwa ipotee.

Watu wengi hudhani kuwa wakibonyeza kitufe cha kufuta, au wakiisafisha kadi yote kwa amri ya kamera, picha zimeondoka. Hazikuondoka. Mfano wake ni mtu aliyechana faharasa ya kitabu na kuacha kurasa zote mahali pake. Kamera haizioni tena kwa kuwa karani amefuta orodha, lakini kurasa zipo mpaka siku ziandikwe nyingine juu yake. Programu ya bure kama PhotoRec huzitoa zote, moja baada ya moja. Hili lina upande wake wa heri: binti akifuta kwa bahati mbaya, aache kupiga papo hapo, aitoe kadi, asiandike chochote juu yake, na aghalabu picha zitapatikana. Upande wake wa shari ni kwamba aliyenunua kadi yako ya zamani, au simu iliyokuwa na kadi hiyo, aweza kukaa chumbani mwake akawatazama wanawake wa mtaa mzima bila sitara zao.

Kwa hiyo kadi iliyobeba picha za wanawake waliojifunua haiuzwi, haiazimwi, wala haipewi mtoto aweke nyimbo. Haipelekwi duka la kuchapisha ikiwa nzima. Hupelekwa picha zilizochaguliwa na wenyewe tu, na mpiga picha husimama pale mpaka zichapishwe na zifutwe. Ikichakaa, ikatwe kwa mkasi imara, vipande viwili, na mkasi upite katikati ya kile cheusi kilicho ndani na si pembeni tu.

Tena kamera nyingi za sasa huzungumza na simu bila waya. Picha huruka kutoka kamera kwenda kwenye simu ya mpiga picha, na simu, ikiwa imeamriwa hivyo tangu iliponunuliwa, huzipeleka zenyewe kwenye hifadhi ya intaneti. Na huenda hifadhi hiyo imefunguliwa pia kwenye simu ya kaka yake au kompyuta ya kazini kwa baba. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini picha zimekwishatoka ukumbini. Binti azime mawasiliano hayo ya kamera kabla ya kuingia mlangoni, na azime upelekaji wa picha kwenye simu yake siku hiyohiyo atakapoinunua kamera.

Tumekaa sana kwenye kadi. Twende kwenye lenzi.

Kamera nyingi huuzwa pamoja na lenzi ndogo ya kuvuta, ya milimita 18 hadi 55, iliyoandikwa 3.5–5.6. Nambari hizo za mwisho ndizo zimtiazo binti taabuni. Lenzi ina mboni kama ya jicho, na nambari ikiwa ndogo mboni hufunguka zaidi. Shughuli zetu za wanawake ni za usiku, na kumbi zetu hupambwa kwa taa za rangi zisizofikia kitu. Lenzi hiyo ikivutwa mpaka 55 mboni yake haifunguki zaidi ya 5.6. Lenzi ya 1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi ya huo. Maana yake kwa vitendo ni hii: picha iliyotaka sehemu moja ya 15 ya sekunde sasa yataka kama sehemu moja ya 140. Katika hiyo ya kwanza, mkono wa mpiga matwari hugeuka moshi, na bibi harusi akigeuza uso kidogo ameharibika. Katika hiyo ya pili wote wametulia. Hakuna megapikseli ziwezazo kufanya kazi hiyo.

Wasemao "atumie taa ya kamera" wana neno, lakini si neno zima. Taa inayopigwa usoni moja kwa moja huunguza rangi ya uso, hurudi kwa ukali kutoka kwenye dhahabu na nguo za kumetameta, na nyuma yake ukumbi wote huwa kiza. Wajuzi huielekeza kwenye dari nyeupe ili irudi laini. Nyumba za kale za Lamu na za Mji wa Kale hapa Mombasa zina dari za boriti nyeusi, na boriti hazirudishi kitu.

Tena hizo boriti zina jingine la kutufunza. Vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba kwa kuwa upana wake ulikatwa na urefu wa mti wa mkoko. Aghalabu hauzidi mita 3 hivi. Lenzi ya milimita 50 yenye mboni ya 1.8 ndiyo isifiwayo kila mahali kwa urahisi wa bei, nasi hatuikatai. Lakini juu ya kamera za bei ya kati, ambazo kihisi mwanga chake ni kidogo, lenzi hiyo hubana kama ya 75 au 80. Binti ataegemea ukuta, atajibana mpaka basi, na bado atapata uso na mabega ya bibi harusi bila nguo aliyoshonewa kwa miezi mitatu. Kwa nyumba hizo lenzi ya 35 yafaa zaidi. Nikon wana yao ya 35 yenye mboni ya 1.8 kwa kamera za kihisi kidogo. Canon wana ya 24 yenye mboni ya 2.8, nyembamba kama kifuniko cha chupa, isiyofunguka sana lakini yenye kuingiza chumba kizima. Ikiwa kazi za binti ni za kumbi kubwa za kukodi, basi hiyo 50 imeshatosha. Na ile ndogo ya kuvuta asiitupe: mchana, uani, watu thelathini wamejipanga kwa picha ya ukoo, ndiyo itakayomsaidia.

Mtego mmoja twautaja kwa jina kwa kuwa tumeona wawili wamenaswa. Lenzi ya zamani ya Nikon ya 50 iishiayo na herufi D hupatikana kwa bei nafuu, lakini haina mota ndani yake. Hutegemea mota ya kamera. Kamera ndogo za Nikon kama D3500 na D5600 hazina mota hiyo. Lenzi itaingia, itakaza, na picha itapigwa, lakini haitalenga yenyewe. Binti atalenga kwa mkono usiku kucha. Iliyoandikwa AF-S ina mota yake. Kwa jumla, kabla ya kununua lenzi hakikisha mdomo wake ni wa kamera yako. Canon walianza mdomo wa EF mwaka 1987, na mwaka 2018 wakaleta wa RF. Nikon nao mwaka huohuo wakaleta wa Z. Lenzi ya EF huvaa kamera mpya ya RF kwa kiungo cha kati, lakini ya RF haivai kamera ya zamani kabisa. Hapo ndipo tusemapo lenzi huishi kuliko kamera: lenzi njema iliyonunuliwa leo yaweza kutumika juu ya kamera ya tatu atakayoimiliki.

Ukinunua lenzi iliyokwisha tumika, nenda na tochi ya simu. Imulike kutoka nyuma, uitazame kutoka mbele, mboni ikiwa wazi. Vumbi kidogo si neno. Ukiona nyuzi mfano wa utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na pwani yetu kwa unyevu wake ni shamba la kuvu. Iache hapo ilipo hata ukipunguziwa nusu ya bei.

Ama kamera yenyewe, ambayo wapiga picha huiita bodi, hatutarefusha. Megapikseli 24 ni picha ya nukta 6,000 kwa 4,000. Ukurasa wa albamu wa kipimo cha A4 uliochapishwa kwa ubora wa kitabu wahitaji kama milioni 9 tu. Basi yule auzaye 32 kwa nyongeza kubwa anauza kitu ambacho bibi harusi hatakiona.

Kinachostahili kulipiwa ni tundu la pili la kadi. Kamera yenye matundu mawili huweza kuandika kila picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Lau msichana wetu angekuwa nayo, pamoja na kadi moja tu ya kweli, tungekuwa na picha ya mama yetu. Na hapa kipya si lazima kiwe bora: Nikon D7200 ya mwaka 2015 ina matundu mawili, na D7500 iliyoifuata mwaka 2017 ina moja. Wengi huikimbilia ya pili kwa sababu ya nambari. Hiyo ya kwanza ina mota ya kulengea pia, hivyo ule mtego wa lenzi ya D haumhusu mwenye nayo.

Kamera hizo za kioo zina mlio. Zile mpya zisizo na kioo huweza kupiga kimya kabisa, na katika maulidi au dua hilo ni adabu njema. Lakini aijaribu kwanza ndani ya ukumbi: chini ya taa za LED upigaji wa kimya huweza kuchora mistari ya giza juu ya picha, na dawa yake ni kurudi kwenye upigaji wenye mlio.

Kwa kamera iliyotumika, uliza imepiga picha ngapi. Kile kipazia kinachofunguka na kujifunga hupimwa na watengenezaji, aghalabu kwa mara 100,000 kwa kamera ndogo na 150,000 kwa hiyo D7200 tuliyoitaja. Nikon huiandika hesabu hiyo ndani ya faili ya picha, kwa hiyo piga picha moja palepale dukani, uisome. Iliyopiga elfu thelathini ingali kijana. Iliyopiga laki na nusu yaweza kuendelea, na yaweza kufa katikati ya kupamba.

Sasa mama yetu wa Kisauni, tukujibu kwa hesabu. Tuliposema kadi kwanza hatukusema kuwa kadi ni ghali kuliko kamera. Tulisema fedha yake itengwe kwanza, isije ikawa chenji ya mwisho mkononi. Katika kila shilingi kumi ulizopokea kwenye chama, weka mbili kwa kadi, betri ya pili na diski ya kuhifadhi picha nyumbani. Weka tatu kwa lenzi. Tano zilizobaki ni za bodi, iliyotumika lakini iliyokaguliwa. Ikiwa hazitoshi kwa bodi yenye matundu mawili, anunue ya tundu moja, abadilishe kadi kila baada ya saa moja na aitie iliyojaa katika kifuko kilichofungwa, mwilini mwake na si ndani ya mkoba unaoachwa kitini. Kukopa kwa riba ili apate kubwa hatukushauri, na sababu waijua.

Ya kutunza ni machache. Akitoka ukumbi wenye baridi ya mashine kwenda nje kwenye joto letu, kamera ikae ndani ya mkoba uliofungwa kama nusu saa, la sivyo maji huganda juu ya kioo na hata ndani yake. Nyumbani ikae katika chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vya chembe za kukausha unyevu vipatikanavyo katika maboksi ya viatu vipya, vingi, na vibadilishwe. Wengine hutia mchele. Mchele una vumbi. Na lenzi isifutwe kwa ncha ya leso. Upepo wa bahari huweka chumvi juu yake, na chumvi huchora kioo.

Ulituuliza mwisho wa barua yako kama binti aweza kubaki na picha za wateja ili awaonyeshe wateja wengine kazi yake. Nguo, mikono yenye hina, maua na kitanda kilichopambwa, naam, kwa idhini ya wenyewe. Uso wa mwanamke aliyejifunua, hapana, hata akikubali bibi harusi mwenyewe, kwa kuwa katika picha hiyo mna wengine watano ambao hawakuulizwa. Aandikiane na kila mteja kabla ya shughuli, karatasi ya mistari minne: picha zitakabidhiwa lini, kwa nani mkononi, zitakaa kwenye diski yake siku ngapi, na siku gani zitafutwa. Sisi tungeweka siku 30, zipate kuonekana na kuchapishwa, na ikitokea diski ya wenyewe kuharibika ziwepo. Siku ya 31 azifute mbele ya mmoja wao, kisha aijaze diski kwa ile programu ya H2testw mpaka pomoni, maana kuandika juu yake ndiko kuondoa.

Wabillahi tawfiq.